Mlango wa Choo Ufunguke kwa Nje

Mtu mwenye kifafa akijengewa nyumba ya mabati kule Juru au Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kwenye daftari la mradi kazi huhesabiwa imekwisha siku anapokabidhiwa ufunguo. Kwa sisi tunaopanga huduma za watu wa namna hiyo, ndiyo kwanza inaanza.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Watutsi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa ruhusa ya kulima, kufanya kazi na kutembea nchini. Familia inayofika hupewa kiwanja, ikatarajiwa kujijengea. Wasioweza, kama mzee asiye na mtu au mlemavu anayeishi peke yake, hujengewa na mashirika. Nyumba hizo zinahitajika sana. Kosa ni kudhani kwamba nyumba ndiyo huduma yenyewe.

Turudi kwenye kifafa. Hatari kubwa ya kila siku kwa mgonjwa huyu iko jikoni, penye mafiga matatu na moto wazi chini. Akianguka hapo akiwa peke yake, ataungua kabla jirani hajasikia. Kwa hiyo mpango mzuri hutaja jiko lililoinuliwa na kukingwa. Hutaja mlango wa choo unaofunguka kwa nje, wenye komeo ambalo jirani anaweza kulifungua, maana aliyeanguka ndani huuzuia kwa mwili wake mlango unaofunguliwa kwa kusukuma. Hutaja pia nani atamtekea maji, kwa sababu kwenda ziwani au kisimani peke yake ni kuhatarisha maisha. Marekebisho haya si ghali fundi akiambiwa mapema, ila mara nyingi anayejua ugonjwa haonani na fundi mpaka ukuta umekwisha kupanda.

Kisha dawa. Phenobarbital, dawa ya kifafa, haikatizwi ghafla. Mgonjwa anaweza kupata degedege mfululizo, na hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo siku ya dawa ya mgonjwa iandikwe pamoja na jina la anayemfuatilia na jina la atakayeshika nafasi yake akisafiri. Kituo cha afya cha Rugaaga, cha ngazi ya nne, hupokea wagonjwa kutoka makazini, na waliozidiwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mbarara. Nauli ya boda boda ya kufika huko lazima iwe na mtu wa kuilipa. Bila hiyo, rufaa ni karatasi tu.

Wapo watakaosema wataalamu ni wachache. Ni kweli, lakini Nakivale yenyewe imekwisha kutufundisha jambo. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika hapo kwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, walioathirika kiakili na vita. Tiba ilitolewa na washauri wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Walipopimwa tena, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao kwa utaratibu maalumu hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, na asilimia 65 ya waliopata ushauri usiofuata mwongozo mkali. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa asilimia 37. Ninalolipenda zaidi ni hili: katika kundi la kwanza walioacha njiani ni asilimia 4, katika la pili 21. Naamini mtu aliyefiwa na kufukuzwa kwao hung'ang'ania kitu chenye siku maalumu na mwisho unaojulikana. Ratiba ya kumtembelea mgonjwa wetu iwe hivyo hivyo.

Mbarara ndiko mipango mingi inakovunjika. Mkimbizi akihamia mjini kupanga chumba ili awe karibu na hospitali au kibarua, misaada mingi hubaki makazini, kwa kuwa imefungwa kwenye kiwanja. Sam Tsemberis, aliyeanzisha Pathways to Housing, mradi wa kuwapatia nyumba watu wasio na makazi, jijini New York mwaka 1992, alitenganisha nyumba na huduma: kukosa miadi hakumnyang'anyi mtu nyumba, na kuhama nyumba hakumkatii huduma. Nasi tungeweza kuanza na nakala ya mpango anayoondoka nayo mgonjwa, na mtu mmoja Mbarara aliyekwisha kupigiwa simu kabla mgonjwa hajapanda gari. Mwenye nyumba aambiwe yale tu ambayo mgonjwa ameridhia: afanye nini akimwona ameanguka, na ampigie nani.