Kudukiza Mwanga

Sisi wanafunzi wa lugha tunabeba siri nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tunarekodi wazee wa Uvira na Fizi, na baadhi yao husimulia mambo ya vita kwa sharti moja: majina yasitoke. Kisha tunazituma sauti hizo kwa intaneti, zikiwa zimefungwa kwa hesabu ngumu. Adui mvumilivu hahitaji kuzifungua leo. Huzinakili, akazihifadhi, akangoja kompyuta za kwantamu zitakazovunja hesabu hizo.

Magazeti humwita mdukuzi. Mimi napendelea kitenzi cha zamani, kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya wengine. Kitendo hicho ndicho kinachofichuliwa na mbinu ya Charles Bennett na Gilles Brassard ya mwaka 1984. Mbinu hiyo haisafirishi ujumbe. Husafirisha ufunguo tu, tarakimu moja moja, kila moja juu ya fotoni, chembe ya mwanga. Mtumaji huiweka fotoni katika mkao wa wima na mlalo au katika mkao wa mshazari, kwa kubahatisha. Asiyejua mkao uliochaguliwa, akiipima, mara nyingi huivuruga. Na kuinakili kwanza hawezi, maumbile yamekataa. Mtumaji na mpokeaji hulinganisha sehemu ya tarakimu zao. Makosa yakizidi, ufunguo hutupwa kabla haujafunga neno lolote.

Mitambo ya namna hii ililinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida, Durban, wakati wa Kombe la Dunia la 2010. Ilikuwa mikubwa na ghali. Mwaka 2017 watafiti wa Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa na chipu za kuenea kiganjani.

Chipu, hata hivyo, haifupishi njia. Katika uzi mzuri wa kioo, kwa kila fotoni 100 hubaki kama 10 baada ya kilometa 50, na moja tu baada ya kilometa 100. Kwa kuwa hainakiliki, huwezi kuikuza njiani kama mawimbi ya kawaida. Uvira hadi Bujumbura, kuzunguka ncha ya ziwa, ni karibu. Hadi Bukavu tarakimu zitafika kwa kudondoka, labda tuweke kituo katikati, tuseme Kamanyola. Lakini kituo hicho huupokea ufunguo ukiwa wazi, kisha huufunga upya. Je, nani atakilinda?