Daftari la imla linatuambia nini?

Kamati za parokia zinapotembelea shule ya msingi, mazungumzo huwa juu ya mambo yanayoonekana kwa macho: madawati, bati, matundu ya vyoo, nyumba ya mwalimu. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini katika makala hii tunaomba mwangalie kitu kidogo zaidi, yaani daftari la imla la mtoto wa darasa la pili. Humo ndimo tunamoona kama mtoto anajifunza kusoma au anaimba tu pamoja na wenzake.

Kiswahili kina neema kwa mwanafunzi anayeanza. Kila irabu ina sauti moja, na neno huandikwa karibu sawa na linavyotamkwa. Mtoto wa Uingereza hutumia miaka mingi kukariri maneno yasiyofanana na sauti zake. Mtoto wa Same akishajua sauti za herufi na namna ya kuziunganisha kuwa silabi, anaweza kusoma hata neno ambalo hajapata kuliona. Ndiyo maana walimu huanza na a, e, i, o, u, kisha ma, me, mi, mo, mu, na kuendelea hivyo.

Tatizo ni kwamba safu hiyo hukaririka kama wimbo. Darasa zima litaimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kosa, na mgeni ataondoka ameridhika. Mwalimu akiandika "bo" peke yake katikati ya ubao, ndipo utajua nani anasoma na nani anafuata sauti ya jirani yake. Ripoti za Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha jambo hilo kwa nchi nzima: kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni takriban 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015, uliotilia mkazo KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ulikuja kujibu hali hiyo.

Makosa yana maana

Wengi wetu tunaikumbuka imla kwa fimbo: kosa moja, fimbo moja. Kwa maoni yetu fimbo hiyo ilifundisha watoto kuogopa kuandika, si kuandika. Kosa la imla ni taarifa kwa mwalimu, na kila kosa lina dawa yake.

Mtoto anayeandika "tagawizi" badala ya tangawizi, zao ambalo watu wa Myamba wanalijua vizuri, hakosi akili. Amezoea silabi za herufi mbili tu, na hajafundishwa kwamba nga ni silabi moja. Dawa ni kurudi kwenye mb, nd, ng, nj na nz, kisha kumwonyesha tofauti ya ngoma na ng'ombe. Anayeandika "mahari" akitaka kusema mahali ana tatizo la sikio na ulimi. Huyo atamkishwe maneno hayo mawili mara nyingi, asikie kwamba moja ni pahala na lingine ni mali ya posa. Anayeandika "hamekuja" kwa amekuja, au "zambi" kwa dhambi, huenda anaandika vile vile anavyosikia watu wazima wakisema. Hapo dawa ni kusoma vitabu vingi, jicho lizoee. Na yule anayetenganisha "nili po fika" tusimcheke, kwa sababu hata barua za kamati zetu zina makosa hayo.

Milimani kuna jambo jingine. Wapo watoto wanaokuja shuleni wakiwa wamezoea zaidi Chasu nyumbani. Katika Chasu Wapare hujiita Vaasu: pale ambapo Kiswahili kina wa-, Chasu kina va-. Mtoto akiandika "vatoto", tayari anajua kanuni ya wingi. Kilichobaki ni kubadili herufi moja. Mwalimu anayejua Chasu atamweleza kwa dakika chache. Mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine anaweza asijue kosa limetoka wapi, na hapa mzee wa kamati anaweza kumsaidia bila gharama yoyote. Chasu si kikwazo cha kusoma. Ni lugha iliyokwisha andikwa zamani. Mmisionari Ernst Kotz alitoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1909.

Kata zetu ni kitabu

Vifaa vya kufundishia visitafutwe mbali. Mifuko ya saruji iliyobaki baada ya msaragambo hufaa kuandikiwa silabi kwa kalamu nene, na vizibo vya soda vyenye herufi hupangwa kuwa maneno. Majina ya kata za Same yana karibu kila silabi ngumu. Njoro na Ndungu zina nj, nd na ng. Mwembe na Bwambo zina mw, bw na mb. Makanya ina ny, Chome ina ch, Hedaru ina h. Mshewa na Mtii zinaonyesha m inayosimama peke yake kama silabi, Vudee ina irabu ndefu, na Lugulu na Ruvu zinatenganisha l na r. Mtoto huyasikia majina haya kwa kondakta wa basi kila wiki.

Muda wenyewe ni mfupi. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefaulu hurudia darasa. Sekondari masomo huwa kwa Kiingereza, na asiyesoma vizuri Kiswahili ataanza huko akiwa nyuma mara mbili. Kwa hiyo wafadhili wanaouliza fedha kidogo ifanye nini, tungependekeza vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili, viwe vingi kiasi cha mtoto kukaa na kitabu chake mkononi.

Kamati itakapotembelea shule muhula ujao, iombe ruhusa ya mwalimu mkuu, ikae na watoto watano, mmoja mmoja, mbali na wenzao. Kila mmoja asome sentensi mbili ambazo hajawahi kuziona, kisha aandike Tae, Mtii, Bwambo, Kirangare na Ndungu. Karatasi hizo apewe mwalimu wa darasa, bila alama za nyekundu.