Programu Zinapogoma Baada ya Linux Kuboreshwa

Programu ya Linux haijitoshelezi. Ikitaka kufungua faili au kutafuta anwani ya mtandao, huazima kazi hiyo kwenye maktaba za mfumo, na mama yao ni glibc. KenyaEMR, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya afya Kenya, aghalabu huwekwa kwenye Ubuntu, ambayo nayo ni Linux. Seva ya namna hiyo ikigoma Msambweni asubuhi ya kliniki, fundi aliyeko kisiwani Mombasa ana kivuko cha Likoni na kilomita zipatazo 50 mbele yake. Heri aliye karibu ajue pa kuanzia.

Pa kuanzia ni ujumbe wa kosa, ule ambao wengi huufunga bila kuusoma. Tuseme kompyuta ya mapokezi ya nyumba ya wageni huko Diani imetolewa Ubuntu 20.04 ikapandishwa 22.04, na programu ya zamani ya hesabu haifunguki tena. Amri ya ldd, ikifuatwa na jina kamili la faili la programu, huorodhesha maktaba zote inazozihitaji. Mbele ya libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL, pameandikwa "not found". Hapo hakuna kirusi wala diski mbovu: Ubuntu 22.04 ilihamia OpenSSL 3, toleo la 1.1 likaachwa nje. Dawa ni toleo jipya la programu yenyewe. Kuibandika maktaba mpya jina la zamani ni kujidanganya, maana ya ndani yamebadilika.

Umeme ukikatika katikati ya maboresho, jambo lisilo geni Ukunda, pakiti, yaani mafungu ya programu, hubaki nusu nusu. Amri ya sudo dpkg --configure -a humalizia zilizokwama.

Kosa gumu zaidi ni lile linalojificha. Programu iliyokwisha kuwaka hushikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya maboresho. Seva yaweza kufanya kazi wiki nzima, izimwe, kisha iwashwe na kugoma. Lawama zote zikaangukia umeme. Faili la /var/log/apt/history.log hutaja tarehe na kila pakiti iliyobadilishwa, na ndilo shahidi wa kuaminiwa.

Maktaba nayo husingiziwa. Mwaka 2010, watumiaji wa Fedora 14, aina nyingine ya Linux, walisikia sauti ya Flash, programu ya kuchezea video mtandaoni, ikikwaruza baada ya glibc kubadilisha namna ya kunakili data. Flash ndiyo iliyokuwa ikiitumia memcpy, kazi hiyo ya kunakili, kinyume cha kanuni. Hata hivyo Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alishikilia kuwa mtumiaji asiumizwe. Glibc 2.14 ikabakiza memcpy ya zamani kwa ajili ya programu za zamani.

Kwa vyovyote, faili la libc.so.6, moyo wa glibc, lisifutwe wala kubadilishwa kwa mkono. Likikosekana, hata ls na cp hukataa kufanya kazi, na kompyuta hiyo haitawaka tena mpaka ipatikane flashi yenye Linux nzima.