S Mbili: Kuchanganya Lugha na Kazi ya Mhakiki

Wanafasihi wenzangu, ni mara ngapi tumeandika kwamba mhusika fulani "anaharibu lugha" kwa sababu tu kachanganya? Mimi nimekulia Nsemulwa, mjini Mpanda. Pale Mbende, Mfipa, Mkonongo na Msukuma wanakutana sokoni kwa Kiswahili, na kila mmoja hutia chake. Nilipoandika hadithi fupi ya huko, msomaji wangu wa kwanza alipiga wino mwekundu kila palipochanganywa. Nikasafisha. Basi yule mama muuza mihogo akawa anaongea kama taarifa ya habari!

Ndipo nikamsoma Carol Myers-Scotton, Mmarekani aliyechunguza mazungumzo ya Nairobi na mwaka 1993 akachapisha kitabu Duelling Languages. Anadai kwamba lugha mbili hazigawani sentensi nusu kwa nusu. Moja hutoa kiunzi, nyingine huchangia maneno ndani ya kiunzi hicho, au pengine kipande kizima. Mwaka 2000, yeye na Janice Jake wakazipanga mofimu katika aina nne. Kuna zenye maana kamili. Kuna za mapema, zinazochotwa pamoja na neno la maana. Halafu kuna aina mbili za baadaye, ambazo akili huzitoa wakati sentensi yenyewe inaundwa. Upatanisho umo humo.

Hebu tuone. Mwanafunzi husema "mabooks". Wingi umetajwa mara mbili, kwa ma- na kwa -s, na hakuna anayeshtuka. Lakini "mwalimu anateaches" hujaisikia, hata kwa mlevi. Utasikia "anateach". Herufi ni ileile, kazi ni mbali. S ya wingi imeshikamana na neno lake. Ukilichota, nayo inakuja. S ya pili inapatana na kiima, na kazi hiyo Kiswahili kimeshaifanya kwa a-. Kwetu nako ni vivyo hivyo: "Bhagosha wawili wamekuja." Bha- ya wingi ya Kisukuma imepita pamoja na neno lake, yaani wanaume, ila upatanisho umebaki wa Kiswahili.

Je, huu si ufundi wa wanaisimu tu? Sidhani. Daktari Mfaransa Paul Broca alieleza mwaka 1861 sehemu ya mbele, upande wa kushoto wa ubongo, ambayo ikiumia mtu huongea kwa shida. Wagonjwa wa namna hiyo wanaozungumza Kiingereza huwa wanaikumbuka zaidi s ya wingi kuliko ile ya upatanisho. Sikio halitofautishi s hizo, ubongo unazitofautisha.

Kwa hiyo mhakiki akikuta mseto katika riwaya, asiulize kwanza kama ni safi. Aulize kama kuna mtu anayeweza kuusema.

Nimeirudia hadithi yangu kwa kipimo hicho. Karibu mistari yote iliyokatwa nimeirudisha, na mama wa mihogo kapata sauti yake. Mmoja ulinishinda: kijana aliyerudi kutoka chuo anasema, "Mjomba ananiwants." Huo sikuusikia Nsemulwa wala popote. Niliubuni mezani ili kijana aonekane msomi. Nimeufuta mwenyewe.