Unampeleka mgonjwa Mumbai? Anza na chanjo

Majuzi alinijia mzee mmoja wa miaka 66, mkulima wa chai kutoka Imenti, akiandamana na mwanawe. Alikuwa na saratani ya umio na kwa wiki kadhaa alikuwa akimeza uji tu. Jamaa walikuwa wamefanya harambee, tiketi ya Mumbai imenunuliwa, na ndege ilikuwa ya Jumamosi, siku nne mbele.

"Mzee amechanjwa homa ya manjano?" nikauliza.

"Si watamdunga pale uwanja wa ndege, daktari?" akajibu kijana.

Hapo ndipo wengi hukwama. India humtaka kila msafiri atokaye Kenya, aliyetimiza miezi 9, awe na cheti cha chanjo hiyo, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Asiye nacho huweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Wahindi hawana homa ya manjano, lakini mbu wa kuieneza wanao tele. Wala wasiwasi wao si wa bure: Machi 2022 Wizara yetu ya Afya ilitangaza mlipuko Isiolo, jirani zetu hapa Meru. (Vyeti vya kununua vichochoroni, usithubutu.)

Chanjo yenyewe ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Anayetumia dawa kali za saratani, au ambaye kinga yake imeshuka sana, hafai kudungwa. Aliyepita miaka 60 hupimwa kwanza faida na hatari. Daktari aweza kuandika cheti cha kumwondolea mgonjwa sharti hilo, ila uliza ubalozi wa India kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu bado anaweza kutengwa.

Mkifika, maji yawe ya chupa iliyofungwa. Mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba. Tarehe 26 Julai 2005 zaidi ya milimita 900 zilinyesha kwa siku moja. Usikanyage maji ya mafuriko ukiwa na kidonda, kwa kuwa mkojo wa panya huleta homa mbaya. Malaria na dengi ziko huko pia, nawe mtu wa Embu uliyezoea baridi ya mlimani huenda ukasahau chandarua.

Mzee hakuwa ameanza dawa za saratani, basi tulishauriana tukamchanja. Tiketi ilisogezwa wiki mbili, kwa faini. Siku zote hizo aliendelea na uji.