Kindi Mdogo Aliyeleta Ubingwa wa Dunia: Somo kwa Stoo Yako

Unauza mtandaoni na mtaji ni mdogo? Soma hii ya gemu ya Pokémon.

Kwenye mashindano, kila mchezaji anakuja na viumbe sita. Kila pambano anachagua wanne tu, wawili wanapigana pamoja. Wengi hukimbilia wenye mapigo makali.

Mwaka 2014, Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kindi wa umeme asiye na nguvu za kutisha. Kwa nini yeye?

Park alikuwa pia na Gyarados, mnyama wa maji mwenye nguvu kwelikweli. Shida ni umeme: unamuumiza mara nne. Pachirisu yeye umeme haumuumizi, unamrudishia afya. Tena anavuta mapigo ya adui yaje kwake, mwenzake apate nafasi ya kushambulia. Park akabeba ubingwa wa dunia.

Sasa angalia stoo yako. Bidhaa yako kuu inaumia wapi? Kama viatu vinatoka mwisho wa mwezi tu, soksi na dawa ya viatu zitakuletea hela ya bando katikati ya mwezi. Faida yake ndogo, sawa, lakini zinakuzuia usiuze viatu kwa hasara.

Mtaji wote ukiuweka kwenye bidhaa kali tupu, wiki moja mbaya inakutoa mchezoni.

Kindi wako ni bidhaa gani? Tuandikie hapo chini.