Leseni Ikiitwa Huria, Je, Programu Nayo Ina Ruhusa?

Watu watano wamekaa mezani. Mmoja anasimulia, wanne waliobaki kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi na kadhalika. Ukitaka kuruka ukuta unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika wako, kisha msimulizi anakwambia kama umevuka au umedondoka. Ndivyo unavyochezwa Dungeons & Dragons, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 1974. Karatasi, penseli, dadu, basi. Sasa mbona mchezo usiohitaji hata umeme ukazua ugomvi mkubwa kuhusu programu za kompyuta?

Jibu ni kwamba mchezo wenyewe ni hesabu tupu, na hesabu ni kazi ya kompyuta.

Tuanze na sheria kidogo. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda maneno yaliyotumika kulieleza. Kanuni za bao hazina mwenyewe, ila kitabu ulichokiandika wewe kuzieleza ni chako. Ndiyo maana mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilipotoa Open Game License, watu walishangilia: sasa mtu yeyote angeweza kunakili maandishi ya kanuni zilizofunguliwa, kuyabadilisha na hata kuyauza, bila kulipa.

Lakini palikuwa na leseni ya pili, ya kutumia nembo ya d20. Hiyo ndiyo iliyobana: nembo haikuruhusiwa kabisa kwenye michezo ya kompyuta. Leseni ya kwanza haikukataza programu, ila ilikuwa na mwiba wake. Ilidai uoneshe wazi sehemu ipi ni huria. Kwenye kitabu ni rahisi, unaandika tu. Kwenye programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, nani ataona kitu? Suluhisho likawa kuweka kanuni kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, pembeni ya programu. PCGen, programu huria ya kutengeneza wahusika, imejengwa hivyo.

Kichekesho ni kwamba leseni mbili za "huria" zinaweza zisielewane. GPL, leseni maarufu ya programu huria, hairuhusu kuongeza masharti mengine juu yake. Open Game License inayo: kwa mfano, huruhusiwi kutangaza kwamba kazi yako inaendana na bidhaa yenye nembo ya mtu mwingine bila idhini yake. Ukizichanganya kwenye kazi moja, umejifunga mwenyewe.

Januari 2023 moto ukawaka. Rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilihusu vitabu vilivyochapwa na mafaili tuli kama PDF tu, programu nje. Juu yake kulikuwa na tozo ya hadi asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000, na leseni ya zamani ingefutwa. Baada ya kelele ikaja rasimu nyingine, tarehe 19 Januari, pamoja na sera ya meza za mtandaoni, zile programu zinazowakutanisha wachezaji walio mbali. Programu kukurushia dadu na kukupigia hesabu, sawa. Kombora la mchawi likionekana kwa katuni likiruka hadi kwa adui, hapana. Huo eti umeshakuwa mchezo wa video.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu anayeandika programu ya namna hiyo. Picha inayosogea ni kosa? Je, mwanga unaowaka? Sauti? Mstari wenyewe hauonekani, na anayeuchora ni mshindani wako. Huwezi kuwekeza miaka miwili ya kazi juu ya msingi kama huo.

Kampuni ilikusanya maoni, na asilimia 86 ya waliojibu hawakuridhika na sera hiyo. Tarehe 27 Januari ikasalimu amri: leseni ya zamani ikaachwa, na kanuni za msingi, zaidi ya kurasa 400, zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons inayodai jambo moja kubwa, kumtaja mwenye kazi. Hiyo inaruhusu chombo chochote, iwe kitabu, redio au programu, na haiwezi kufutwa kwa anayefuata masharti.

Sisi tunaoandika programu za mradi wa mwaka wa mwisho tuna la kujifunza hapa. Tunachukua picha, data na misimbo ya watu kwa sababu tu tumeona neno "huria". Kabla hujachukua, uliza mambo matatu. Leseni inaruhusu chombo chochote, au karatasi tu? Mwenyewe anaweza kuibatilisha kesho? Na ni vitu gani vimeachwa nje, kama majina na nembo? Majibu yamo ndani ya leseni yenyewe. Isome kabla hujaandika mstari wa kwanza, maana ukishamaliza programu nzima, kubadilisha msingi ni kuanza upya.